Kwanza Sema, Halafu Chai

Nilimpita. Naanza na neno hilo kwa sababu watu wakinitambulisha kwa wageni huanzia kwenye sifa, na mimi sitaki sifa zilizokatwa kichwa.

Ilikuwa miaka ya tisini, nami nilikuwa dereva wa lori la tajiri mmoja wa Garissa. Kambi za wakimbizi zilikuwa zimefunguliwa na kila mwenye lori alikuwa na kazi: mahindi na mafuta ya msaada kwenda Hagadera, sukari na unga kwenda Wajir na vituo vyake. Siku hiyo nilikuwa nimetoka Hadado asubuhi, naelekea Eldas. Barabara ilikuwa mchanga tu na alama za magurudumu ya waliotangulia. Saa nne hivi nikaona lori limeinama kando ya njia, na mzee mwenye ndevu za hina amesimama katikati, anapunga kilemba.

Tajiri wangu alikuwa na amri moja kwa madereva wake wote. "Lori langu halisimami njiani. Ukisimama, shuka uendelee kwa miguu." Na hofu ya miaka ile haikuwa ya kubuni. Majambazi walikuwa wakisimamisha magari kwa ujanja wa namna hiyo hiyo. Mwezi uliotangulia, dereva niliyezoea kula naye alikuwa amepigwa risasi ya bega. Nikakanyaga mafuta. Yule mzee akaruka pembeni. Nilimwona kwenye kioo bado anapunga, mpaka vumbi likamfunika.

Nikafika Eldas adhuhuri. Nikashusha mzigo, nikaswali, nikala wali na nyama ya mbuzi. Askari wawili walikuwa wamekaa kivulini, hatua chache kutoka nilipokuwa nimekaa. Sikuwaambia kitu.

Niliporudi Garissa ndipo nikasikia yaliyotokea. Dereva wa lori lile alikuwa chini akitengeneza springi, jeki ikateleza kwenye mchanga, ekseli ikamwangukia mguu. Msaidizi wake, yule mzee mwenye ndevu za hina, alifukua mchanga kwa mikono mpaka akamchomoa, kisha akaenda kusimama njiani. Malori matatu yalipita. La pili lilikuwa langu. Wachunga ngamia ndio waliowakuta kesho yake, wakamfunga dereva juu ya ngamia mpaka Eldas, na kutoka huko akaletwa Garissa kwa gari. Mguu ulikuwa umeshaharibika. Ulikatwa juu ya goti.

Nilikwenda kumwona hospitalini. Alikuwa dereva wa tajiri mwingine. Tulijuana kwa sura na kwa honi tu. Aliponiona akauliza.

"Lile lori la buluu lenye turubai jipya, ni lako?"

"Ni langu."

Nilitaka kuongeza habari ya majambazi, na habari ya amri ya tajiri. Akainua mkono kunizuia.

"Sikulaumu kwa kutosimama, walaal, ndugu yangu. Huenda hata mimi ningepita. Lakini Eldas ulifika. Eldas kuna watu, kuna askari. Huko mdomo wako ulifungwa na nani?"

Nilikaa pale kando ya kitanda mpaka muuguzi akaniambia muda wa kuona wagonjwa umekwisha.

Kutoka hospitalini nilikwenda moja kwa moja kwa mama mmoja muuza chai, karibu na soko, ambapo madereva wote wa malori tulikuwa tukikutana. Tulimwita Eedo, yaani shangazi, hata wale waliomzidi umri. Nikasimama mbele ya watu kama kumi na tano nikasema wazi, "Aliyekatwa mguu, mimi ni mmoja wa waliompita. Nikafika Eldas nikala wali, nikanyamaza."

Mtu mmoja aliinuka akaondoka. Mwingine, bila kuinua macho kutoka kwenye kikombe chake, akasema, "La tatu lilikuwa langu."

"Sasa mnataka nini?" akauliza dereva mmoja mkongwe. "Tusimame kwa kila anayepunga, tuuawe?"

"Ukiogopa, usisimame," nikamwambia. "Lakini ukifika, sema. Umemwona nani, wapi, gari lake limekaa vipi. Waambie askari, waambie madereva, sema msikitini ikibidi. Hofu inaisha ukishafika. Baada ya hapo huna kisingizio."

Walianza kubishana. Eedo, ambaye hakuna aliyemuuliza, akaweka birika chini kwa kishindo.

"Kuanzia leo," akasema kwa lafudhi yake ya Kisomali, "kwangu anayefika aseme kwanza. Nani umebita? Nani umeacha njiani? Sema, halafu chai."

Tulidhani ni maneno ya siku moja. Wallahi, nimeona wanaume wametoka Wajir, koo zimekauka, wanasimama mbele ya mama yule kama wanafunzi, kikombe kiko mkononi mwake na hakitoki mpaka wamalize kusema. Kwa njia hiyo ndani ya miezi michache tuliwafuata watu watatu waliokwama, na wote tuliwakuta wazima.

Matajiri hawakupenda. Wengine walikuwa na mizigo ambayo hawakutaka ijulikane imetoka wapi. Tajiri wangu aliniita yadini, pale alipoegesha malori yake.

"Nasikia unatangaza magari yangu sokoni kama redio."

"Sitangazi magari. Natangaza watu."

"Watu ni kazi ya polisi. Kazi yako ni usukani."

Nilimjibu kwamba anayeshika usukani ana macho, na macho hayo si mali ya tajiri. Akanifukuza kwa ishara ya mkono, lakini lori aliniachia, kwa kuwa kulikuwa na mzigo wa kupeleka.

Mvua kubwa zilipokuja, barabara ya Dadaab ikawa tope jeusi. Mchana mmoja, kabla sijafika Hagadera, nikakuta lori la mshindani mkubwa wa tajiri wangu limezama mpaka kwenye ekseli. Dereva wake alikuwa amelala kwenye kiti, anatetemeka kwa homa, midomo imepasuka. Safari hii nilisimama. Siwezi kusema sikuogopa. Nilimbeba mgongoni kwenye tope, nikamweka kando yangu, nikatambaa naye kwa gia ya kwanza hadi hospitali ya kambi. Mahindi niliyobeba yalifika na siku moja ya kuchelewa.

Tajiri alikuwa akinisubiri yadini, mbele ya wenzangu wote.

"Ulisimama?"

"Nilisimama."

"Kwa gari la nani?"

"La mtu mgonjwa."

"Lete ufunguo."

Nikamkabidhi. Akamgeukia dereva aliyekuwa karibu. "Chukua, upakie uondoke." Yule dereva akaweka mikono nyuma ya mgongo wake. Akamnyooshea wa pili. Wa pili akasema yeye pia angesimama, kwa hiyo bora amfukuze mapema. Wa tatu alitikisa kichwa. Watano walikataa. Wa sita aliuchukua, akaondoka bila kutuangalia. Ana watoto, na mimi sikumchukia.

Malori mengine yalibaki yadini siku mbili. Siku ya tatu tajiri akatuma mtu atuite. Hakuomba radhi, wala amri yake hakuifuta kwa mdomo. Aliacha tu kuitaja. Mimi alinipa lori kuukuu lisilo na kioo cha kushoto, na la buluu sikulipata tena.

Kusema hakukuishia kwa waliokwama. Baadaye kidogo, mmoja wetu, mchekeshaji tuliyempenda sote, alikuwa tayari kuondoka na abiria wanane juu ya mzigo, na breki zake nilizijua: alikuwa akisimamisha lori kwa gia na dua. Nikamwambia asiondoke. Akacheka. Nikapanda pikipiki ya rafiki mpaka kizuizi cha polisi cha kutokea mjini, nikawaambia askari waangalie breki za lori linalokuja. Walimrudisha.

Alinijia kwa Eedo mishipa imemtoka shingoni. "Jasusi! Unauza wenzako!"

"Niite unavyotaka," nikamwambia. "Breki tengeneza. Na ukitoka tena hivyo, nitakwenda tena, mchana, na jina langu nitalitaja."

Alitengeneza breki. Mwaka mzima hakunisalimia. Hayo ndiyo watu huwasimulia wageni kuwa sifa zangu; mimi huanzia kwa yule mzee niliyempita.