Mikono ya Mama Suuza, Sauti ya Mchumba

Mama Suuza alikuwa amefua nguo za watu miaka ishirini na mbili, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumuuliza anafuaje. Watu huleta uchafu, huchukua usafi, huondoka zao. Jina alipewa na wasichana aliowafunza kazi, kwa sababu nguo hata ing'ae vipi, yeye husema, "Suuza tena." Mkono wake wa kulia una kovu la pasi, jeusi, lenye ncha na kisigino kama pasi yenyewe. Ukiliona mara moja humsahau mwenye nalo.

Siku moja akaja Bwana Povu. Huyu alikuwa akipika sabuni ya mche kwenye chumba cha uani kwake, anaikata kwa waya na kuifunga kwa karatasi ya kaki. Alileta katoni nzima, akaitua mbele ya mabeseni na kujifuta jasho.

"Dada, mimi sitaki tangazo. Watu wamechoka na matangazo. Nataka mtu anayefua kwelikweli, afue mbele ya simu, aseme ukweli wake."

"Nikisema sabuni yako mbaya?"

"Nitaiweka mtandaoni hivyohivyo."

Kwa neno hilo alimpata. Hawakuandikiana hata mstari mmoja.

Wifi yake, dada wa mumewe, ndiye aliyeshika simu, huku akicheka mpaka picha inatikisika. Mama Suuza alifua vitu viwili. Cha kwanza shuka lenye damu. Aliliweka kwenye maji baridi yenye chumvi, akavuta kigoda, akaketi na kuwaambia watazamaji, "Hapa tunakaa. Damu ukiipa maji ya moto umeipika, na ikishaiva haitoki hata umlete nani." Cha pili shati la fundi wa magari, kola imeganda mafuta. Hapo ndipo alipomimina maji ya moto, mvuke ukapanda. Mwishoni akanyoosha mikono mbele ya simu, akasema sabuni inang'oa uchafu vizuri ila imezidi ukali, inachoma vidole, mwenye kuipika apunguze. Dakika nne zote, zikatumwa kwa Bwana Povu kama zilivyo. Akampigia mama yake simu: "Mama, nitaonekana. Ninafundisha."

Video ilipotoka ilikuwa nusu dakika. Uso wake haumo. Kigoda hakimo. Maji baridi hayamo. Bwana Povu alikuwa ameuchukua ule mvuke wa kwenye shati, maana mvuke unapendeza, akaubandika juu ya damu ya kwenye shuka. Mikono ni ya Mama Suuza, kovu linaonekana waziwazi, lakini sauti ni ya mchumba wa Bwana Povu, ile ya kubembeleza inayotokea puani: "Maji ya moto, sabuni yetu, na damu kwaheri!"

"Wifi," dada wa mume akauliza, "umeanza lini kuongea kwa pua?"

Mama Suuza hakucheka. Alipiga simu.

"Dada yangu, dakika nne nani atatazama?" Bwana Povu akasema. "Na sauti, unajua tena, mtandaoni watu wanapenda kitu kilaini."

"Ulisema nikisema mbaya utaiweka."

"Sasa mbona hukusema mbaya?"

"Na nilivyosema inachoma vidole?"

Simu ikakatwa.

Wifi alikuwa ameshaandika matusi ya kurasa mbili, amebakiza kubonyeza tu. Mama Suuza akamnyang'anya simu. "Ngoja."

"Ningoje nini?"

"Watu wafue."

Na kweli alingoja, tena kwa raha. Alijua damu ikipikwa itakuwaje. Kila asubuhi aliangalia ile video, akaona idadi ya watazamaji inapanda, akaenda kazini akiimba. Asichokifikiria ni kwamba aibu ingepitia mlangoni kwake kwanza.

Wiki ya pili nesi wa zahanati aliingia uani na gauni jeupe la kazi, kifuani kuna doa la kahawia kubwa kama sahani. Alikuwa mteja wake wa miaka minane. Akamtupia gauni miguuni.

"Hilo kovu nalijua hata gizani! Wewe ndiye uliyesema maji ya moto. Dobi mzima, hujui damu?"

"Sikusema mimi."

"Mikono ya nani ile? Ya marehemu?"

Ilimwuma, kwa kuwa wateja watatu walikuwa wameshahamisha nguo zao bila kuaga, na sasa alielewa kwa nini. Miaka ishirini na mbili ya jina zuri, na mtu ameikata kwa kidole, nusu dakika. Alimvutia nesi kiti, akamwekea ile video nzima. Nesi alitazama dakika zote nne, kigoda na chumvi na vidole.

"Mshenzi yule," akasema.

Nesi ana mdomo wa kufika mbali. Ndani ya siku tatu nguo zilifika tisa pamoja na gauni lake: mashuka, taulo, shati la mwalimu aliyetokwa damu puani, foronya. Mama Suuza aliwaomba wenyewe wajirekodi kwa simu zao, kila mmoja na nguo yake. Hakumwambia mtu aseme nini. Mwalimu alilalamika kwa utaratibu, kama anasahihisha daftari. Nesi alisema mambo ambayo wifi alitaka kuyapunguza, Mama Suuza akakataa: "Maneno ya mtu hayakatwi." Wifi akaziunganisha video zao kuwa moja, ikatumwa kwa Bwana Povu peke yake. Chini yake Mama Suuza aliandika: *Hawa ni watumiaji wako, wamesema ukweli wao. Kesho saa nne asubuhi inaruka mtandaoni. Ukitaka kuzungumza uje kabla, na uje na mikono.*

Asubuhi yake, saa mbili kasoro, Bwana Povu alikuwa mlangoni, shati limekaa upande.

"Mama, tuyamalize kibinadamu."

"Mwezi uliopita nilikuwa dada. Leo mama. Ukichelewa kidogo utanikuta bibi."

Wifi alikuwa amechana karatasi ya daftari na kuandika kwa herufi kubwa. Video ni ya aliyeirekodi. Mwenye sabuni akiitaka aombe, aseme ataiweka wapi na mpaka lini. Akitaka kukata au kuweka sauti nyingine, mwenye video aione kwanza na akubali. Jina la mwenye video liwepo. Na akisema sabuni mbaya, ubaya ubaki palepale. Bwana Povu alisoma, akatia sahihi. Mambo yenyewe yangewachukua robo saa siku ile ya katoni.

"Basi tumemaliza?"

"Hiyo ni karatasi. Sasa fua."

Wifi akawasha simu. Bwana Povu akapandisha mikono ya shati mbele ya nguo tisa, maji baridi, chumvi na mche wa sabuni yake mwenyewe. Mama Suuza alikalia kigoda, miguu ameinyoosha.

"Kwanza waambie watu ni nani aliyekata."

"Ni mimi," akasema, akiangalia beseni.

"Wanaotazama hawamo ndani ya beseni."

Akainua uso. "Ni mimi niliyekata video ya mama huyu nikaweka uongo. Damu inataka maji baridi."

Akaloweka. Akakaa. Akafikicha. Ilipoingia saa ya pili ya kufua alianza kupuliza vidole vyake.

"Kumbe inachoma!"

"Hebu!" Mama Suuza akasema. "Nani angekwambia?"

Mpaka adhuhuri nguo sita zilikuwa zimetakata na mbili zimebaki na kivuli. Gauni la nesi ndiyo basi tena. Ilibidi Bwana Povu amnunulie jipya, na nesi alilichagua mwenyewe bila haraka.

Video hiyo ya kufua ilirushwa bila kukatwa, badala ya ile ya malalamiko. Wateja watatu wakarudi na mafurushi yao, wakijifanya walikuwa safarini. Lakini jambo moja lilimchafua roho Mama Suuza: watu walimpenda yule mwanamume! "Mwanaume anayekubali kosa, wako wangapi?" waliandika. Sabuni yake ikaisha kwenye maduka mawili.

"Nimemfedhehesha, wakamwonea huruma!" alifoka siku mbili mfululizo. Wifi alicheka mpaka akashika ukuta.

Siku ya tatu Bwana Povu alikuja kwa heshima zote, viatu kavua, na miche ya sabuni mpya. Ameipunguza ukali. Je, mama angependa kuijaribu, akiridhika arekodi? Mama Suuza alitumbukiza mikono majini, akafikicha taratibu, huku yule bwana amesimama anamwangalia vidole.

"Bado."

Akaenda, akapika nyingine, akarudi.

"Bado."

Mara ya nne, baada ya bado nyingine, wifi aliuchukua mche uliobaki, akanawa, akainusa mikono yake. Bwana Povu alikuwa ameshapinda kona na katoni yake kichwani.

"Wifi, mbona hii nzuri sana?"

"Nzuri tangu ile ya pili," Mama Suuza akasema, akikamua shuka. "Mwache apike."