Wazee wa Mji wa Dada

Kabla sijaona hata picha ya Uingereza, nilikuwa nimeshawachukia watu wanne wa huko.

Walikuwa wakazi wa mji mdogo alikopelekwa dada yangu mkubwa, baada ya vita vya kwanza vya huku kwetu kumtupa kambini Tanzania. Huko alipata kazi ya kupita nyumba kwa nyumba akiogesha wazee na kuwalisha, na mzee ukimwogesha atakusimulia maisha yake yote, utake usitake. Dada akayarudia maisha hayo kwa sauti yake kwenye kaseti. Kaseti zilifika Bujumbura, na jirani yetu, Mwislamu mmoja mfanyabiashara wa vitenge, akazivusha mpakani hadi kwetu Uvira.

Mimi ndiye niliyeanika betri juani zipate nguvu kidogo. Mimi ndiye niliyebonyeza kitufe cha redio ya kaseti. Mama aliegemea ukuta, akafumba macho, akaingia Uingereza.

Kulikuwa na mjane aliyezaliwa katika chumba kile kile anacholala leo. Kulikuwa na fundi viatu aliyefunga duka zamani lakini bado anafagia kizingiti chake kila asubuhi. Na kulikuwa na ndugu wawili, nyumba zao zimegusana, hawajasemezana tangu ujana kwa sababu ya ukuta wa bustani. Mama aliwajua kuliko majirani wa mtaani. Nikirudi na maji, mtungi bado kichwani, aliniuliza:

"Bale ndugu, bamesha kupatana?"

"Nitajuaje, mama? Kaseti ingine haijafika."

"Na ule mujane? Chumba kimoja tu, kuzaliwa na kuzeeka! Mungu iko namupenda."

Namwelewa sasa. Tulitoka kijijini kwetu Kiringye muhogo haujakomaa, na tangu hapo hatukuwahi kulala mahali pamoja mwaka mzima bila kufunga mizigo. Lakini wakati ule sikutaka kuelewa chochote. Niliona wivu, tena wivu mkali wa kunikosesha hamu ya kula. Dada alikuwa anaogesha mama za watu. Mama yetu nilimwogesha mimi. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Nyumbani kwetu fimbo ya mbali ndiyo iliyosifiwa, na ya karibu ilitumwa maji.

Siku tuliyokimbia Uvira kwa barabara ya Fizi, miguu ya mama ilikataa. Nilimfunga mgongoni kwa kitenge kama mtoto, nikaenda naye hivyo mpaka kijiji cha Makobola. Aliniuliza mara kwa mara kama ananilemea, nami nikamjibu kwamba ni mwepesi. Tuliporudi Uvira hakuitaja safari hiyo hata mara moja. Aliuliza kama redio imepona.

Kila kaseti ilidai jibu. Mama alirekodi majibu yake kwenye kaseti za nyimbo za kanisa, nyimbo zikafutika, nami nikashika redio. Ila safari moja alinisukuma kwa kiganja.

"Weye, toka kwanza. Minye niko na maneno na mukubwa yako."

Nilikaa nyuma ya nyumba nikichambua maharage. Sauti yake niliisikia, maneno hapana. Kisha akacheka, kicheko kirefu ambacho sikumbuki kama aliwahi kunipa mimi. Nikajua anacheka na wazee wake wa Uingereza, na mimi huku nikitoa mawe kwenye maharage yake.

Asubuhi alinipa kaseti niipeleke kwa jirani. Nilimkuta anafunga furushi lake.

"Leo kuna kaseti, binti yangu?"

"Leo hakuna, baba."

Ilikuwa fundoni mwa kitenge changu, imebana kiunoni. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikifunga mwenyewe. Nilitaka tu dada akae kidogo bila sauti ya mama, aone inavyouma. Safari ijayo ningeipeleka.

Safari ijayo haikuwepo. Mapigano yalirudi mjini, mpaka ukafungwa, askari wakaibeba redio pamoja na betri zilizokuwa bado juani. Homa ikamchukua mama kabla mpaka haujafunguliwa. Siku za mwisho aliniuliza mara mbili kama mukubwa wangu amejibu. Nilimwambia njia ni mbaya, na hilo halikuwa uongo.

Miaka ilipita kabla sijapata redio nyingine, ya kuazima kwa mama mmoja wa kwaya ya parokia. Nilifunga mlango, nikaketi sakafuni pale mama alipozoea kuegemea.

"Kila siku unaniambia maisha ya bale bantu yako bazee," mama alisema kutoka kwenye ile kaseti niliyoificha. "Sasa minye pia niko na mumoja, uwaambie. Siku ya kukimbia, mudogo yako alinibeba mu mugongo mupaka Makobola. Nilikuwa muzito. Alinidanganya asema niko mwepesi. Ule mutoto amechoka. Umutafutie njia aje kwako, angali bado na nguvu. Minye nitabaki. Lakini usimwambie ni minye nilisema. Atakatala, kichwa yake iko nguvu!" Hapo ndipo alipocheka kile kicheko kirefu.

Niliisikiliza mpaka betri zikaisha.

Dada hupiga simu Jumapili. Njia ya kisheria aliyokuwa nayo ya kumwita ndugu yake aishi naye Uingereza ilifungwa zamani; aliniambia mwenyewe, bila kujua alichokuwa ananiambia. Mjane amekufa, katika chumba kile kile, na dada alimlilia. Kisha huuliza swali lake la siku zote.

"Mama hakuacha neno?"

"Hakuacha, yaya," namjibu, maana kwetu dada mkubwa huitwa yaya.

Hasira yake siiogopi, ninaistahili. Ila akiisikia kaseti hii atawasimulia wazee wake, na mimi nitakuwa hadithi yake, kama wao. Alipewa kaseti za mama nyingi sana. Mimi nina hii moja, na ndani yake mama ananitaja.