Saa Moja na Nusu Tu

Kaka yangu ana sentensi moja ninayoichukia kuliko matusi: "Ni saa moja na nusu tu." Ndio muda wa ndege kutoka Tabora hadi Dar es Salaam, na yeye huutaja kana kwamba ndege ni yake, anailaza uani kwake.

Alikuja kumchukua mama kwa ajili ya macho. Wiki mbili, alisema, apimwe, apewe miwani, arudi. Mama ana shamba lake la karanga huku upande wa Kipalapala, na alikuwa hajawahi kupanda ndege wala kuitamani. Alimsikiliza mwanawe mpaka mwisho, kisha akauliza kama atawahi mvua.

Kaka akacheka. "Mama, unaondoka Dar umekunywa chai, chakula cha mchana unakula hapa kwako!"

Nami nikacheka naye. Hilo linaniuma hadi leo.

Miwani ilipatikana wiki ya kwanza. Mvua ikanyesha, nikapanda karanga mimi na mume wangu, tukapalilia, tukang'oa. Kila nilipopiga simu kuuliza mama anarudi lini, nilijibiwa sentensi ileile. Mara kaka ana semina, mara watoto wake wana mitihani na bibi yao ndiye anayebaki nao nyumbani. Kumbe alimpeleka mama hospitali, akajipatia yaya! Na haraka ya nini, wakati siku yoyote mama anaweza kupanda akafika? Basi hiyo siku yoyote haikufika.

Barabara ya misafara ilipita hukuhuku kwetu. Wazee wetu walibeba pembe za ndovu hadi pwani, miezi kwa miguu, mizigo mabegani. Waliteseka, sikatai. Lakini njia ya kurudi waliijua, na mvua zilipokaribia walirudi kulima. Hawakumsubiri mtu mwenye simu awakatie tiketi. Mama yangu hajui hata uwanja wa ndege uko upande gani wa nyumba ya mwanawe. Mtu asinieleze mimi kwamba Dar siku hizi ni karibu. Karibu kwa nani?

Msimu wa pili ulipokaribia, mama akanipigia mwenyewe asubuhi, kwa sauti ya chini, kwa Kinyamwezi ambacho wajukuu wake wa Dar hawakielewi. Aliuliza kama tumeanza kulima. Nikasema bado. Akasema haya, akakata simu.

Nikapanda gari moshi. Safari ilikula mchana kutwa na usiku kucha, nikafika mbavu zinauma, hasira mbichi.

"Umekuja na treni?" kaka akashangaa mlangoni. "Si ungeniambia nikukatie ndege! Ni saa moja na—"

"Usimalize," nikamwambia. Ni mkubwa wangu, na hata shikamoo sikuwa nimempa.

Mama nilimkuta chumba cha watoto, amekaa kwenye kitanda cha chini. Nikapiga magoti nikamwamkia. Nikamwambia afungashe, kesho tunaondoka, mimi na yeye.

Akainama, akavuta begi lake kutoka uvunguni, likiwa limejaa.

"Nifungashe nini, mwanangu? Nguo nikiifua naikunja, nairudisha humuhumu. Kila siku nilidhani ni kesho."