Behewa Alimozaliwa Mama

Mafuta ya mawese yakipigwa na jua juu ya mbao kuukuu hutoa harufu nzito, tamu kidogo, ambayo siwezi kuichanganya na nyingine. Kwangu ni harufu ya kiangazi kile ambapo wanawake wa mtaa wetu, hapa Kasongo, waliamua kulifufua behewa la treni. Reli haifiki mjini kwetu. Iko ng'ambo ya Lualaba. Lakini zamani mfanyabiashara mmoja wa pamba alilinunua behewa bovu, akalitoa magurudumu, akalivusha mto kwa kivuko na kulileta kwa lori liwe ghala lake. Baadaye alihama. Behewa likabaki karibu na soko, majani yakiota hadi madirishani na mbuzi wakilala ndani. Sisi watoto tuliliita vagoni, na tulicheza humo mpaka tuitwe kula.

Mama yangu hakuingia humo hata siku moja. Jina lake ni Safari, kwa kuwa alizaliwa safarini, ndani ya behewa lile lile, treni ikiwa bado mbali na kituo. Mama yake alimzaa, akampakata kidogo, akafa kabla treni haijasimama. Walimzika kando ya reli, na kaburi likapotelea majanini. Babu, aliyekuwa mfanyakazi wa reli, ndiye aliyeitambua namba iliyoandikwa juu ya mlango siku behewa lilipoletwa mjini, akamwambia binti yake. Kwa hiyo dunia nzima mama alikuwa na mahali pamoja tu alipowahi kuwa na mama yake. Nilikuwa mdogo, lakini hilo nililielewa vizuri.

Kiangazi kile akaja mnunuzi wa vyuma. Alitaka kulikatakata behewa, chuma chake kiwaendee wahunzi wa mitalimbo ya wachimba dhahabu wa Lusangi. Mkuu wa mji hakuona ubaya. Alisema takataka ile inalitia soko aibu. Mama akamfuata mbele za watu.

“Chefu, ile vagoni itabakia pale pale,” alimwambia. “Kama iko muchafu, siye tutaitengeneza. Mvua ikianguka na iko bado mubaya, basi mupatie ule papa wa vyuma akate.”

Mkuu wa mji alicheka, akakubali. Nadhani alikubali ili apate kwenda zake.

Hakuwajua wanawake wa mtaa wetu. Jumamosi za salongo, wakati mji mzima ulipotoka kufanya usafi, wao walielekea kwenye behewa na majembe, wakafyeka, wakafukuza mbuzi, wakang'oa mbao zilizooza. Halafu wakazipaka mawese mbao zilizobaki, ndani na nje, kama tunavyokipaka kinu kipya kisipasuke. Behewa liling'aa, nasi tukajisifu. Haukupita muda siafu wakaja kwa majeshi, na wale mbuzi wakarudi kulamba kuta. Fundi wa malori aliyekuwa na kibanda jirani alishika mbavu kwa kicheko.

“Bamama, mutu anapakaka treni mawese?”

“Tulizania ni kama kinu,” mama alimjibu bila haya. “Sasa wewe mwenye iko nacheka, leta dawa.”

Fundi alileta mafuta machafu ya injini. Tulisugua mawese kwa majivu mpaka viganja vikawaka moto, tukaanza upya. Paa lilizibwa kwa bati la mapipa. Rangi ilitoka kwenye masalio ya kanisa na ya msikiti, ndiyo maana hadi leo upande mmoja ni buluu na wa pili ni kijani. Mawingu ya kwanza yalipojikusanya, mkuu wa mji alikuja, akalizunguka behewa, akamwambia mnunuzi wa vyuma atafute kwingine. Tulipiga vigelegele. Mama peke yake alivua viatu, akapanda ndani kwa mara ya kwanza, akakaa kwenye benchi. Nilimfuata kumwita.

“Niache kidogo,” alisema. “Niko nasalimia mama yangu.”

Nilishuka nikilia, wala sikujua kama ni kwa huzuni au kwa furaha.

Leo mgeni akishuka Kasongo humwambia mwenye pikipiki ampeleke “ku vagoni”, na hakuna anayeuliza ni wapi. Mji umelizoea kiasi cha kudhani limekuwapo siku zote. Mengine hayajawa mepesi: bibi yangu angalau alisafiri kwa treni, ilhali binti yangu, aliyeolewa Kabambare, mwaka huu alikuja kwetu kwa pikipiki ili ajifungue, na ile barabara sote tunaijua kwa mashimo yake. Roho yangu haikutulia mpaka niliposikia mtoto amelia na mama yake ameomba chai. Siku waliyotoka hospitali, mama yangu hakutaka waende nyumbani moja kwa moja. Aliwapeleka kwenye behewa, akawaambia waingie wakae, yeye akabaki nje ameshika mlango. Alingoja tu, mpaka akawaona wametoka wote wawili, mama na mtoto.