Afande wa Choo

Mchezo wangu ulikuwa na kasoro moja: hakuna mtoto aliyetaka kushinda. Nilikuwa nimeuchora nyuma ya kalenda ya zamani, njia ndefu iliyoanzia mdomoni, ikashuka kwenye umio, ikazunguka tumboni, ikajikunjakunja kwenye utumbo mwembamba na ule mpana, mpaka mwisho wa safari, ambao kila mwenye tumbo anaujua. Wanafunzi wangu wa Jinja walirusha dadu kwa furaha, lakini wakikaribia nyumba ya mwisho walianza kuomba moja, moja tu, ili wasifike. Anayefika chooni kwanza ndiye mavi ya kwanza, waliniambia mimi mwalimu wao wa sayansi.

Nikabadili kanuni. Anayefika kwanza anaitwa Afande wa Choo, na wengine wote wanasimama kumpigia saluti. Kuanzia siku hiyo walisukumana kwenda chooni. Kwetu afande ni afande, usiulize ana kambi gani.

Wakati huohuo nilikuwa na hofu isiyo ya mchezo. Mama yangu, anayeishi Mbale chini ya mlima Wanale na watoto wawili wa kaka yangu, alikuwa anakwisha. Malaria ilimwacha na upungufu wa damu, akawa akisimama lazima ashike mlango. Kliniki walimpa vidonge, wakamwambia ale. Nami nikawa nanunua mukene, dagaa wetu wa ziwani, kule Wanyange kando ya ziwa, nampelekea kwa kila teksi yenye konda mwenye sura ya uaminifu.

"Mama, umekula?" nilimuuliza kwenye simu.

"Nimekula mpaka nimechoka."

Na bado alizidi kukonda. Niliogopa, nikaanza kuwaza magonjwa ambayo hata kuyataja sikutaka.

Shule zilipofungwa nilikunja kalenda yangu nikaenda Mbale, niujaribu mchezo kwa wale watoto na nimwone mama kwa macho yangu. Tuliutandaza mkekani baada ya alasiri. Mama alikataa kabisa. Mtu mzima, alisema, hachezi mambo ya choo. Kisha akamwona mjukuu wake wa kike akisogeza kizibo chake cha soda nyumba mbili zaidi. Alimkemea, akamwonyesha dadu inavyorushwa kwa haki, na hakuirudisha tena: alichukua kizibo chake, akacheza.

Akatua tumboni, kwenye nyumba ya kadi za maswali, akavuta moja. Nikamsomea: "Damu yako imepungua. Chagua picha tatu za chakula cha kuiongeza." Kadi hiyo niliiandika nikimfikiria yeye. Picha zilikuwa zimetandazwa mbele yake. Akachukua ndizi za kupika, posho, yaani ugali, na viazi vitamu.

Nikacheka, nikadhani ananitania. "Mama, na maharage? Na dodo, huu mchicha? Na mukene huyu hapa?"

"Hiyo ni mchuzi," akasema. "Wewe umeandika chakula. Mimi nimechukua chakula."

"Jaja anasema kweli, shangazi," akasema mjukuu wa kiume akimtetea bibi yake, kwa upole wa mtu anayemhurumia mwalimu.

Hotelini Jinja mhudumu huniuliza kila mchana: chakula gani, mchuzi gani? Chakula ni ndizi, posho, wali. Vingine vyote, hata samaki mzima anayekukodolea macho, ni mchuzi. Swali hilo nimelijibu maisha yangu yote, lakini niliposhika kalamu nikaandika Kiswahili cha kitabuni, ambacho huviita vyote chakula.

Ndipo kicheko kikanikauka.

"Mama, kule kliniki walikuambia nini hasa?"

"Sister alisema, mama, ongeza chakula. Basi mimi naongeza. Ndizi naweka mingi, posho naweka mingi. Tumbo inajaa. Mchuzi naachia hawa watoto."

"Na mukene wangu?"

Mama akawageukia wajukuu. Nami nikawatazama vizuri kwa mara ya kwanza. Mashavu yao yalikuwa yanang'aa kama sahani zilizotoka kuoshwa.

"Tunamaliza yote, shangazi," akajibu yule wa kiume kwa fahari.

Nilicheka na machozi yakanitoka, sikujua lipi limetangulia. Nikamweleza mama polepole kwamba sister, yule muuguzi, alimaanisha vyote viwili, na damu inaletwa hasa na mchuzi. Mchezo ukaendelea, kizibo chake kikapita utumbo mwembamba na ule mpana. Kisha akarusha dadu, akapata sita.

Alikuwa amebakiza nyumba sita. Akasogeza kizibo mpaka mlangoni pa choo, akasimama hapo, akakihamishia mkono wa kushoto, maana chooni hakuingiwi kwa mguu wa kulia. Akakiingiza, akakitoa, akasema, "Alhamdulillahi."

Tukasimama wote watatu, tukapiga saluti.

"Sasa afande anaamuru," akasema mama, akiwatazama wajukuu wake. "Leteni mchuzi. Chakula itangoja."