Mawe ya Kukinga Mahindi

Hapa Kamukuywa, Oktoba ikifika na mvua ya alasiri ikiwa haikosi, kila mwenye mahindi anaikodolea macho lami. Lami ina joto, tena ni ya bure. Tunatandaza maturubai ukingoni, tunamwaga mahindi, kisha tunapanga mawe barabarani ili magari yasitukanyagie chakula. Jioni tunazoa mahindi mbio mbio. Mawe tunayaacha, kwani nani atayaiba?

Anayeyaondoa ni jirani yangu Nabwile, Mama Hesbon, peke yake. Miaka miwili sasa, kila jioni utamwona na gambuti zake akiinama, akibeba, akiyatupa mtaroni. Tulikuwa tunamcheka, ati ameajiriwa na serikali bila mshahara. Mimi nilicheka kwa sauti kuliko wote.

Miaka miwili iliyopita mumewe, Mukhwana, alikuwa akirudi kutoka Kitale, amepakiwa kwenye pikipiki na mwana wao Hesbon. Giza lilikuwa linaingia na mvua inanyesha. Mbele ya maboma yetu pikipiki iligonga jiwe. Hesbon alivunjika mguu. Mukhwana hakuamka.

Siku hiyo mahindi yangu na ya Nabwile yalianikwa bega kwa bega, na mvua ilitukimbiza sote wawili. Hakukumbuka kama alitoa mawe yake. Siku ya mazishi, alipopewa nafasi ya kusema, alisimama kando ya jeneza akasema, "Hiyo jiwe ilikuwa yangu. Mnisamehe." Hesbon alimtazama mama yake, akachukua magongo yake, akaondoka. Anaishi Matisi, Kitale, na tangu siku hiyo hakukanyaga nyumbani. Simu za mama yake hakushika.

Nabwile akabaki na upweke wake. Anapika ugali wa mtu mmoja. Baridi ikizidi anaingiza jiko la makaa chumbani na kufunga madirisha. Nilimgombeza siku moja, "Mama Hesbon, hiyo makaa itakuua bana!"

"Iniue," akasema. "Si basi."

Juzi naibu wa chifu aliitisha baraza la usalama wa msimu wa mavuno. Alisema ya maana: tusianike lamini, mawe yaondolewe, watu wa boda wavae reflekta, jiko la makaa lisilale ndani na watu. Kisha akanyoosha kidole. "Kama mnadhani ni mchezo, ulizeni huyu mama. Jiwe yake iliua bwana yake." Watu wote wakageuka. Nabwile akainamisha kichwa kama mtu aliyezoea.

Nilitoka pale kabla baraza halijaisha. Mimi ndiye niliyeliokota lile jiwe, alfajiri baada ya ajali. Lilikuwa na alama ya tairi, na saruji upande mmoja, bonge lililobaki tulipojenga jikoni kwangu. Nililitupa mtoni kabla watu hawajaamka. Naona aibu hata kuliandika hili.

Jioni nilimkuta Nabwile barabarani, jiwe mikononi.

"Mama Hesbon, ile jiwe haikuwa yako. Ilikuwa yangu."

"Ulijua lini, Mama Nekesa?"

"Asubuhi yake."

Hakunitukana. Ningeshukuru angenitukana. Aliweka jiwe chini polepole, akatoa simu, akapiga. Haikushikwa. Akapiga tena, na tena. Mara ya nne nikasikia sauti ya mwanamume, na Nabwile akasema, "Hesbon, papa, mwanangu, kuja nyumbani. Haikuwa yangu." Kisha akaketi pale pale ukingoni, analia.

Hesbon alikuja Jumapili, mchana kweupe, na taa ya pikipiki ameiwasha hata juani. Niliwasikia ng'ambo ya ua, mara wanalia, mara wanacheka. Sikuitwa, na sikustahili kuitwa.

Nabwile bado anaondoa mawe. Anaanzia sokoni, anakuja hivi taratibu, na akifika mpaka wa boma langu anavuka barabara, ananipita, anaendelea kule mbele. Mawe ya mbele ya kwangu nayaondoa mwenyewe. Hakuna anayecheka.