Nimefungiwa Dukani na Kisu cha Kijapani Mkononi

Jamani, leo hapa Newala nusura nipigwe mawe kwa sababu ya kisu cha jikoni!

Nilienda kwa Baba Salma, anayeuza vyombo vya mtumba kutoka Japani. Visu vyake ni vikali mno, vipana vya mboga na vyembamba vya samaki. Nikachuchumaa nyuma ya kabati nikichagua.

Na leo ni Ijumaa. Adhana ikalia, Baba Salma akadhani nimeshaondoka.

Nikasikia kufuli: kwacha!

Na simu nimeiacha nyumbani. Nikakimbilia dirishani, nikashika nondo, nikapiga kelele. Dereva wa bodaboda akageuka, akaona mwanamke ana kisu.

"Mwizi! Ana kisu!"

Watu wakajaa. Mmoja keshaokota jiwe. Na pa kukimbilia sina.

Akasogea bibi anayeuza ming'oko, vile viazi pori vya kuchemsha, pale nje.

"Shikamoo bibi! Mimi Mama Neema, nimefungiwa!"

"Marahaba. Weka kwanza hicho kisu chini, mwanangu, ndipo tuongee."

Kumbe bado nilikuwa nimekishika! Nikakiweka.

Bibi akawageukia wale watu. "Mwizi gani anaita watu waje?"

Jiwe likaanguka. Bibi akakaa chini ya dirisha, akawa ananimenyea ming'oko na kunipitishia kwenye nondo mpaka watu wakatoka msikitini.

Baba Salma kafungua huku akiniomba radhi. Kisu sijanunua.

Ndugu zangu, mkinisikia nagonga dirisha la mtu, msiokote kitu. Niulizeni kwanza.